"Kaya ipi?" Habari za SHA zinapopita kwenye mdomo wa mtu mwingine

Mzee mmoja wa Likoni, Mombasa, ndiye aliyenifundisha kazi yangu, na alitumia maneno mawili tu. Nilikuwa nimesimama barazani, karatasi mkononi, nikisoma sentensi kuhusu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, iliyoandikwa mbali na bahari: "Kila kaya itatozwa mchango kulingana na uwezo wake." Mzee akainua bakora. "Mwanangu, kaya ipi?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka. Usiku ndipo swali liliponiingia. Kwa Mdigo, na kwa Mmijikenda yeyote, kaya ni msitu wa wazee. Kaya Kinondo iko upande wetu wa kusini, na ni mojawapo ya makaya yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kwa hiyo mbele ya baraza lile nilikuwa nimetangaza kwamba serikali inakuja kuitoza misitu ada. Halafu hilo neno "mchango". Mombasa mchango ni wa harusi, ni wa matanga, ni wa mtoto anayekwenda chuo. Unatoa ukijaliwa, na usipojaliwa unaomba radhi na watu wanakuelewa. Ukimwambia mtu serikali inaomba mchango, amekuelewa vizuri sana, ila alichoelewa sicho.

Kazi yangu ni kukaa katikati. Upande mmoja ziko ofisi zinazobadilisha taratibu za misaada na bima, upande wa pili wako watu ambao mtaa unawasikiliza: manaibu chifu, wazee wa mitaa, maimamu, wachungaji, viongozi wa vyama vya akina mama, wakala wa M-Pesa, na wahudumu wa afya ya jamii. Hawa wa mwisho mtaani bado wanaitwa CHV, yaani wahudumu wa kujitolea, ingawa serikali iliwabadilisha jina wakawa CHP, wahamasishaji wa afya, tangu 2023. Nimelitaja hilo makusudi. Kama jina la mjumbe mwenyewe halijafika mtaani, ujumbe wake utafikaje?

Mfano nitakaoutumia ni SHA, kwa sababu ndio uliotuumbua. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, bima ya zamani, iliondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ndiyo SHA, ikaingia. Kwenye vipeperushi vyetu neno kubwa kuliko yote lilikuwa JISAJILI. Bonyeza *147#, au nenda Huduma Centre, au mfuate mhudumu wa afya. Watu wakajisajili. Tukafurahi, tukahesabu, tukaandika ripoti.

Shida ni kwamba kujisajili ilikuwa hatua ya kwanza kati ya tatu. Mwenye ajira hakatwi tena kwa viwango vya zamani, anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira, yaani muuza samaki, mwendesha tuktuk, kibarua wa bandarini, mama wa mahamri, baada ya kujisajili anaulizwa maswali ya kupima uwezo: nyumba unayoishi imejengwa kwa nini, maji unapata wapi, mnaishi wangapi. Majibu hayo ndiyo yanayotoa kiwango chake, ambacho hakishuki chini ya Sh300 kwa mwezi. Kisha lazima alipe. Na tena analipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo hata wa kiwango cha chini anatafuta Sh3,600 mara moja. NHIF ilikuwa Sh500 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni Sh6,000, lakini ulikuwa ukilipa mwezi kwa mwezi. Ukiandika kwenye karatasi kwamba bei ya chini imeshuka, umesema kweli. Mama anayehesabu pesa kwa siku anasikia kwamba imepanda, na yeye pia amesema kweli. Baadaye ulikuja mpango wa kukopeshwa hiyo pesa na kuilipa kidogo kidogo, nao ukahitaji kuelezwa upya kwa watu waliokwisha kukata tamaa.

Sasa kosa letu. Vipeperushi tuliwapa wahudumu wa afya jioni moja, na kesho yake wakatoka. Hawakupata nafasi ya kuuliza lolote. Mmoja wao, mama wa Kisauni anayejulikana kila uchochoro, aliwasajili majirani kwa simu yake mwenyewe na akawaambia alichoamini kuwa ni kweli: "Umeshaingia, sasa huna wasiwasi." Wiki kadhaa baadaye jirani yake akaenda kujifungua kwa upasuaji, akaambiwa jina lipo lakini malipo hayapo. Familia haikuja ofisini kwetu, na ingekuja kufanya nini? Hawatujui. Walikwenda mlangoni kwa yule mama. Alipokuja kunirudishia mkoba wa kazi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Nyinyi mtaondoka na gari lenu. Mimi nazikwa hapa."

Tangu siku hiyo siamini tena neno "kusambaza taarifa." Mwenzi wa mtaani si bomba la maji, kwamba ukimimina juu yatatoka chini yale yale. Anatia dhamana heshima yake. Anayo haki ya kuelewa kabla ya jirani yake kuelewa, na kumkatalia anayemtuma endapo maneno hayajakaa sawa.

Kwa hiyo siku hizi karatasi ndiyo hutoka mwisho. Kwanza tunakaa kwenye mkeka, watu kumi au kumi na wawili, na nikishaeleza mara moja nanyamaza. Kisha ninamwambia mmoja: "Mimi ni jirani yako, nina mimba, sina kazi. Nieleze." Anaeleza kwa maneno yake, Kidigo, Kigiriama au Kimvita, namna anavyotaka. Wenzake wanamsahihisha. Maneno yanayotoka hapo ndiyo tunayoyaandika. "Kaya" iliondoka siku ya kwanza, ikaja "watu wa nyumba moja." "Mchango" ukawa "malipo." Na mama mmoja wa Mtongwe alitupa kitu ambacho mtaalamu wa lugha asingekipata: "Kujisajili ni kupata kitambulisho cha feri. Kuvuka bado."

Nilimkumbusha kwamba feri ya Likoni mtu wa miguu havuki kwa pesa. Akaniambia nisimharibie methali.

Hiyo hatua ya kunyamaza pia ndiyo iliyofichua suala la namba ya simu. Watu wengi walisajiliwa kwa namba ya muhudumu, ya kijana wa saiba, au ya mjukuu ambaye kesho yake amehamia Nairobi. Siku ya siku, mgonjwa alikuwa dirishani, msimbo wa kuthibitisha ukaenda kwenye simu iliyoko Kayole, huko Nairobi. Hakuna kipeperushi chetu kilicholigusia hilo. Sasa ni sentensi ya pili katika kila maelezo: weka namba yako, na kama huna simu, weka ya mtu unayelala naye nyumba moja.

Sentensi ya tatu ni kile ambacho mtu anapata hata kama hajalipa. Wenzetu wa ofisini hawaipendi, wanaona itawafanya watu wasilipe. Mimi nimeshikilia. Zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi unaotoka serikalini, bora tu uwe umejisajili. Ni kulazwa na kupasuliwa ndiko kunakodai uwe umelipa. Mtu akificha hilo ili kumtisha maskini alipe, maskini halipi. Anakaa nyumbani na homa.

Misikitini mambo huwa tofauti kidogo. Imamu mmoja wa Majengo alikubali kutangaza baada ya swala ya Ijumaa lakini si ndani ya hotuba, na akataka kwanza tuzungumze kama bima inaingia katika yaliyokatazwa. Tulizungumza saa nzima, kahawa na halua. Kuna waliosema nimepoteza muda. Lakini kama asingeulizwa yeye mapema, angeulizwa na waumini mlangoni, na "sijui" ya imamu ina uzito kuliko mabango yangu yote.

Pesa za wazee zina ugonjwa mwingine kabisa. Inua Jamii, msaada wa serikali, ni Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa nyumba zinazolea mayatima, na kwa wenye ulemavu mkubwa. Aghalabu hazifiki mwezi kwa mwezi, zinakuja kwa pamoja. Hapo kinachoumiza ni kimya. Pesa zikichelewa, mzee haulizi wizara, anamuuliza naibu chifu, na naibu chifu asiyejua kitu huanza kubuni. Ndiyo maana mimi huwatumia wenzi wetu ujumbe wa sauti hata wakati hakuna jipya: malipo bado, orodha haijabadilika, hakuna aliyefutwa kwa sababu ya kuchelewa huku. Ujumbe wa sekunde thelathini. Nauita ujumbe mtupu, na ndio unaosambazwa zaidi kuliko mwingine wowote ninaotuma.

Kila mwenzi sasa ana daftari la shilingi ishirini. Maswali asiyoweza kuyajibu anayaandika, nami nalipitia kila Alhamisi. Sharti ni kwamba jibu linarudi kwake, si kwa aliyeuliza, ili alipeleke yeye.

Mwezi uliopita shangazi yangu wa Bamburi, ambaye hana habari nafanya kazi gani, alinitumia sauti ya WhatsApp. Ilikuwa ni ile yetu ya Likoni, imepita sijui mikono mingapi, sasa inasomwa na kijana nisiyemjua. Watu wa nyumba moja, namba yako mwenyewe, zahanati ni bure, kulazwa ni mpaka ulipe, kusajiliwa hakuna pesa. Na mwishoni alikuwa ameongeza lake: "Ukiona mtu anakuomba mia mbili akusajili, mshike shati, uite watu."