Je, wajua: usonji unaweza kuanza kabla mama hajajua kwamba ana mimba?

Swali hili nilishawahi kulijibu vibaya, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Jirani yangu hapa Himbi, Goma, ana kijana aliyetembea kwa wakati na kucheka kwa wakati. Alipokaribia miaka miwili, maneno machache aliyokuwa nayo yakaanza kupotea. Daktari akasema ni usonji, ule ambao huku wengi wanauita otisme. Mama yake akaniuliza ulitoka wapi. Nikamjibu: “Mama, mtoto alizaliwa mzima, vidole kumi, kilio cha nguvu. Kilichomfikia kilikuja baadaye. Labda ile homa.”

Nilikuwa nimechukua siku jambo lilipoonekana nikaiita siku lilipoanza. Sikuwa peke yangu. Mwaka 1998 jarida la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala kuhusu watoto 12 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Makala hiyo ilifutwa mwaka 2010, lakini hofu yake bado inatembea mitaani, kwa sababu inashika kosa lilelile: chanjo hutolewa karibu na umri ambao watu huanza kusubiri mtoto aseme. Kinachotangulia si lazima kiwe ndicho kilicholeta. Na mtoto kuzaliwa na viungo vyote hakuonyeshi kwamba ndani ya tumbo hakuna kilichotokea. Hilo la pili ndilo lililonitoa jasho.

Lililonisahihisha ni masikio.

Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuza talidomidi, dawa ya usingizi ambayo wajawazito walipewa pia kwa kichefuchefu. Iliondolewa sokoni huko Novemba 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na mikono au miguu iliyokatika njiani. Miaka mingi baadaye, madaktari wa macho, Marilyn Miller wa Chicago na Kerstin Strömland wa Göteborg, walikuwa wakiwachunguza waathirika hao. Walichotafuta ni jinsi macho yanavyocheza. Katika Waswidi 100, wakakuta angalau wanne wenye usonji, idadi kubwa mno kwa hesabu za wakati ule. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Ajabu yake ni kwamba wenye usonji kwa kawaida hawakuwa wale wa mikono mifupi. Viungo vyao vilikuwa salama. Kasoro ilikuwa kwenye masikio.

Kwa nini sikio lihesabike kuliko mkono? Nenda Birere, mtaa wa hapa Goma, ukae pembeni ya meza ya fundi anayeshona vitenge. Kwanza chaki, halafu mkasi: anakata shingo, anakata mikono, anamalizia sketi. Fundi wangu husema, “Nguo inaharibikiaka kwenye makasi, hapana kwenye mashini.” Sasa mtu akigonga meza wakati fundi anakata shingo, mkasi utateleza shingoni tu. Mikono bado haijaguswa, itakatwa vizuri. Akigonga baada ya chai, shingo imeshapona na mkono ndio utakaopata hasara. Kwa hiyo ukiliangalia gauni lililokwisha, unaweza kujua meza iligongwa saa ngapi. Na kasoro ya shingo ina ujanja wake: gauni likiwa limetundikwa ukutani huioni. Utaiona siku linapovaliwa.

Talidomidi ndiyo iliyogonga meza. Sikio hukatwa kwanza, mikono hufuata, miguu baadaye. Sikio lenye kasoro na mikono mizima maana yake ni kati ya siku ya 20 na ya 24 tangu mimba kutunga. Mama siku hizo damu imechelewa kama wiki moja tu, pengine anasema ni uchovu. Kiumbe ni kidogo kuliko punje ya mtama. Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo ndio kwanza unajifunga, na katika shina la ubongo zinazaliwa neva za kwanza, zile za kuendesha macho na uso. Mtafiti Patricia Rodier, aliyeutazama ushahidi huu kwa makini, aliwapa panya wajawazito dawa nyingine, valproati, katika siku zinazolingana na hizo. Watoto wao walizaliwa na neva pungufu palepale.

Watu wanne ni wachache, na panya si mtu. Lakini valproati, dawa ya kifafa ambayo wengi wanaijua kama Depakine, ina hesabu nzito zaidi. Denmark walifuatilia watoto 655,615 waliozaliwa kati ya 1996 na 2006. Kati ya wote, makadirio ya usonji yalikuwa asilimia 1.53, kwa 508 waliokutana na valproati tumboni, asilimia 4.42. Yaani hata hapo, zaidi ya 95 katika kila 100 hawakuupata. Anayeitumia asiiache ghafla: degedege nalo linaweza kumuua mama na mimba yake. Abadilishiwe na daktari, ikiwezekana kabla ya mimba.

Parasetamol je, ambayo mwaka 2025 ilitangazwa sana Marekani kwamba huenda inahusiana na usonji? Uswidi walilinganisha ndugu wa mama mmoja, katika kundi la watoto karibu milioni 2.5: mimba moja alimeza, nyingine hakumeza. Tofauti haikuonekana.

Nilirudi kwa jirani kufuta jibu langu. Akaninyamazia kidogo, akauliza: “Sasa siku hizo mimi nilimeza nini?” Nikamwambia yaelekea hakumeza kitu, dawa hizi zinaeleza watoto wachache sana, na utafiti mkubwa wa nchi tano wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kama asilimia 80 ya tofauti kati ya watu katika usonji inatokana na urithi.

“Urithi,” akasema, akimtazama mumewe aliyekuwa anapanga makreti ya soda mlangoni, rangi kwa rangi. “Baba yake naye alianza kusema akiwa na miaka minne.”