Miale ya gama kutoka ukingoni mwa shimo jeusi la M87

Shimo jeusi lenyewe halitoi nuru, na kinachovuka mpaka wake hakirudi. Hata hivyo, darubini zetu hupokea kutoka pande hizo miale ya gama yenye nguvu mara trilioni kuliko nuru tunayoiona kwa macho. Inatoka wapi hasa?

Galaksi ya M87, katika kundinyota la Mashuke, imetufunza mengi juu ya swali hili. Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 55 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na kitovuni mwake mna shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara bilioni 6.5. Mwaka 1918 mwanaastronomia Heber Curtis aliona mstari mnyoofu wa nuru ukichomoza katikati yake. Leo tunajua ni mkondo wa chembe ziendazo karibu na kasi ya nuru, wenye urefu wa maelfu ya miaka ya nuru. Sehemu gani ya mkondo huo hutoa gama? Picha za gama zina ukungu mno kutuonyesha, kwa hiyo tunapima muda.

Mwaka 2005, darubini nne za H.E.S.S. zilizoko nyanda za juu za Khomas, Namibia, ziliona gama za M87 zikipanda na kushuka kwa siku mbili tu. Gama yenyewe haifiki ardhini: ikigonga angahewa huzaa mvua ya chembe, nazo hutoa mmweko hafifu wa buluu unaokwisha ndani ya sehemu chache za bilioni za sekunde. Mmweko huo ndio unaonaswa. Kwangu hili ni jambo la ajabu mno, kwamba hewa inayotukinga na miale hiyo ndiyo inayotuwezesha kuiona.

Sasa, kitu hakiwezi kubadilika chote kwa muda mfupi kuliko ule ambao nuru inahitaji kukivuka. Upana wa mpaka wa shimo la M87 ni kama kilomita bilioni 38, mwendo wa nuru wa siku moja na nusu. Hivyo chanzo cha gama zile kilikaribiana na shimo kwa ukubwa, wala haikuwa mkondo mzima.

Aprili 2018 gama ziliwaka tena kwa siku tatu hivi, safari hii darubini za redio za Event Horizon, mtandao wa darubini za sehemu mbalimbali za dunia zinazofanya kazi kama moja, zikiwa zimeelekezwa hukohuko. Kinachochunguzwa sasa ni namna chembe zinavyopewa kasi hiyo: huenda mistari ya nguvu za sumaku iliyosokotwa na shimo linalozunguka hukatika na kuungana upya, ikiachia nishati yake kwa ghafla.