Je, wajua kuna madini ya risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) mekundu kama pilipili, yanaitwa krokoiti? Na kwa nini ni adimu hivyo?

Juzi jamaa yangu mmoja anayechimba dhahabu Chunya alishuka Mbeya akanipa jiwe nishike, dogo tu kama kiberiti, ila nilivyolipokea mkono ukashuka wenyewe maana sikutegemea uzito ule. Linang'aa kijivu kama bati jipya na pale lilipovunjika limetoka vipande vya mraba mraba. Akaniuliza, kaka hii si fedha kweli? Nikamwambia hapana, hiyo ni galena, yaani risasi imeshikana na salfa, inaweza kuwa na fedha kidogo ndani lakini si fedha, na kwenye mikanda ya dhahabu (mistari ya madini ndani ya mwamba) ya huko Lupa, Chunya, inaonekana. Akauliza tena, kwa hiyo risasi yote ardhini ni ya kijivu hivi? Hapo ndo nikaanza kumsimulia habari ya krokoiti, madini ambayo mimi nayapenda kuliko yote.

Krokoiti ina risasi, kromiamu (metali nyingine) na oksijeni. Risasi peke yake ni kama asilimia 64 ya uzito wake, ndo maana ni nzito, karibu mara 6 ya maji wakati jiwe la kawaida halifiki hata mara 3. Rangi ni nyekundu inayoelekea chungwa, imekaa kama vijiti virefu vyembamba, vingine vina uwazi katikati, na ni laini, kisu kinaichana bila shida. Ukiisugua nyuma ya taili, upande ule usiong'aa, inaacha mstari wa njano ya chungwa kama bizari, na hata jina limetoka kwenye neno la Kigiriki la zafarani.

Sasa uadimu wake unatoka wapi wakati risasi ipo nchi nyingi na kromiamu nayo ipo? Ni kwamba hivi viwili havikai nyumba moja. Galena inaletwa na maji ya moto yanayopita kwenye nyufa za miamba, kromiamu yenyewe imejifungia kwenye miamba mizito ya kijani iliyokolea iliyotoka chini kabisa, na humo haitoki kirahisi. Kwa hiyo lazima mkanda wenye galena ukatize kwenye mwamba wa kromiamu au upite jirani yake, halafu vyote viwe karibu na uso wa ardhi, maji ya mvua na hewa viozeshe galena risasi itoke, na kromiamu nayo ipate oksijeni ya kutosha mpaka iyeyuke kwenye maji, ndipo vikutane kwenye vishimo vya mwamba viote pole pole. Kikikosekana kimoja tu, hupati kitu.

Ilielezwa mara ya kwanza 1766 na Johann Gottlob Lehmann, ikitoka Berezovsk kwenye milima ya Ural, Urusi, na kule ni machimbo ya dhahabu kama Chunya tu! Mwaka 1797 Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin akaichunguza akakuta metali ambayo hakuna aliyewahi kuijua, ndo kromiamu hiyo, na jina lake maana yake rangi. Inastahili, maana hiyohiyo ndiyo inaipa rubi wekundu na zumaridi ukijani. Baadaye watu wakatengeneza kiwandani rangi ya njano yenye kemikali ileile ya krokoiti, mchoraji Vincent van Gogh aliitumia kwenye maua yake ya alizeti.

Leo krokoiti nzuri kuliko zote zinatoka Dundas, kisiwa cha Tasmania, Australia, ndani ya kutu nyeusi ya chuma na manganizi. Mgodi wa Adelaide wa hapo ulianza kwa kutafuta risasi na fedha, siku hizi wanachimba krokoiti yenyewe wawauzie wanaokusanya mawe. Ila bana usiisage wala kupuliza vumbi lake, risasi ni sumu na kromiamu ya aina hiyo nayo ni sumu, ukishika nawa mikono kabla hujagusa chakula.

Jamaa akauliza, na hii yangu ikioza? Nikamwambia bila kromiamu mara nyingi inageuka serusiti, madini mengine ya risasi, nyeupe au kijivu, nayo ni nzito vilevile. Akasema kule juu kwenye duara lao, yaani shimo la kuchimbia, kuna utando mweupe wamekuwa wakiutupa kila siku. Nimemwambia akirudi aniletee kipande.