Umetunga vitu vyako vya gemu ya mezani na unataka kuvishea? Soma hapa kwanza

Zile gemu za kukaa mezani na dadu za pande 20, karatasi na penseli, mmoja anasimulia na wengine wanaigiza wahusika wao, zina tabia moja: ukizicheza muda kidogo unachoka na ngome za Ulaya na mazimwi ya watu unaanza kutunga vyako. Ukiwa Tanga ndo kabisa, maana vitu vya kutungia viko mlangoni, Mapango ya Amboni yapo, magofu ya Tongoni yapo, kisiwa cha Toten unakiona ukiwa umekaa Forodhani, na silikanti yule samaki wa kale yuko huko chini baharini ana hifadhi yake tangu 2009. Raha tupu. Shida inaanza siku unayokusanya vile vitu unatengeneza PDF unataka kuirusha kwenye magrupu au kuiuza, na sisi tunaotoa elimu ya hakimiliki maswali tunayopata hapo karibu yote ni lilelile limevalishwa nguo tofauti: kipi hapa ni cha kwangu na kipi ni cha mtu.

Tuanze na habari njema. Namna gemu inavyochezwa haina mwenyewe. Mkataba wa TRIPS, ule wa kimataifa wa haki za ubunifu, ibara ya 9 unasema hakimiliki inalinda namna mtu alivyokieleza kitu, hailindi wazo, utaratibu wala njia ya kufanya kitu, na sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 imekaa humohumo. Kule Marekani ambako gemu nyingi zinatoka, mahakama yao ya juu ilishaamua hivyo tangu 1879 kwenye kesi ya kitabu cha uhasibu, kwamba kitabu ni chako ila mfumo wa kuandika hesabu ulioueleza ndani yake mtu yeyote anautumia. Kwahiyo kurusha dadu ya pande 20, kujumlisha nguvu ya mhusika, kulinganisha na namba ya ulinzi ya adui, ikifika umempiga, hiyo tumia mpaka uchoke, alimradi umeieleza kwa maneno yako mwenyewe.

Hayo maneno mawili ya mwisho ndo yanayowakwamisha watu. Mtu anakwambia mimi nimechukua sheria tu, ukifungua PDF yake unakuta aya nzima nzima zimenyanyuliwa kwenye kitabu, kabadilisha jina la uchawi mmoja, maelezo yake na ule mfano wa pembeni vyote vimebaki vilevile. Hapo hujachukua sheria ya mchezo, umechukua maandishi ya mtu. Nikikaa na mtu kwenye swali hili huwa namwambia funga kitabu, subiri mpaka kesho, alafu andika kama unamwelezea mdogo wako ambaye hajawahi kuicheza, utaona mwenyewe yanatoka maneno mengine kabisa.

Na kutafsiri je? Hili nataka tukae nalo kidogo maana kwetu watu wa Kiswahili ndo kishawishi kikubwa, unaona marafiki zako Kiingereza kinawapa tabu unasema ngoja niwatafsirie kitabu cha wachezaji wote wafurahi, nia nzuri sana tu, lakini haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, ni haki yake kama ilivyo haki ya kuchapisha. Ukiitafsiri ya kwako na wenzako watatu mezani hakuna atakayekufuata, matumizi binafsi sheria inayaelewa. Ukiiweka kwenye grupu lenye watu mia mbili au ukaipeleka steshenari wakutolee kopi za kuuza, hiyo sio matumizi binafsi tena, tusidanganyane.

Ila kuna mlango uko wazi na wengi hawaujui. Dungeons & Dragons, gemu ya aina hiihii iliyotoka 1974, kampuni yenye gemu hiyo, Wizards of the Coast, ina hati inaitwa SRD, ni kiini cha sheria za gemu, wahusika wa msingi, uchawi na mazimwi kibao, toleo la 5.1 peke yake lina kurasa zaidi ya 400. Mwanzoni ilikuwa chini ya leseni yao inayoitwa OGL ambayo ilianza 2000 na watu wakajenga biashara zao juu yake miaka na miaka. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya yenye masharti magumu, watu wakachachamaa dunia nzima, na tarehe 27 ya mwezi huohuo kampuni ikarudi nyuma, OGL ya zamani wakaiacha kama ilivyokuwa na SRD 5.1 yote wakaiweka pia chini ya Creative Commons, leseni za wazi za kushea kazi, ile aina inayodai kutajwa tu. Mwaka 2025 wakafanya hivyo na SRD 5.2. Leseni hiyo wakishaitoa hawairudishi, na inakuruhusu kunakili, kubadilisha, kutafsiri kwa Kiswahili na hata kuuza. Yaani ile ndoto ya kuwa na sheria kwa Kiswahili unaweza kuifanya kesho asubuhi bila kumuomba mtu, ukiifanya kwenye SRD badala ya kitabu cha dukani.

Sharti lake ni dogo ila watu wanalikosea. Kutaja sio kuandika tu "asanteni Wizards" mwishoni. Ndani ya hati yenyewe wamekuandikia sentensi ya kutumia, inataja jina la hati, mwenye hati, linki yake na linki ya leseni, wewe inakili hivyohivyo uiweke ukurasa wa mwanzo au wa mwisho, alafu ongeza kwa Kiswahili kwamba umetafsiri na umebadilisha sehemu fulani. Basi.

Angalia pia SRD haina kila kitu. Lile zimwi la jicho kubwa katikati na vijicho juu ya vikono, beholder, na yule mla ubongo mind flayer, wamewaacha nje makusudi, hao ni wa kwao. Kutunga zimwi lako la kuelea angani hakuna ubaya, ila ukimpa jina lilelile na umbo lilelile na tabia zilezile usishangae. Hata wao yaliwakuta, gemu ya 1974 ilikuwa na hobbit, vile vijitu vifupi vya kwenye vitabu vya mwandishi Tolkien, wenye haki wakaja juu, wakalazimika kuwaita halfling mpaka leo.

Watu wananiuliza kama unagawa bure je. Bure haikupi ruhusa, inapunguza tu hasira za mwenye mali. Kampuni nyingine zina sera yao ya mashabiki, Wizards wanayo, wanasema tengeneza ukitaka ila usidai hela watu waione na useme wazi sio kazi rasmi, hapo bure ina maana kwasababu mwenyewe kasema, sio kwasababu wewe umeamua. Na kumtaja mwenye kazi bila leseni yake hakusaidii kitu, ni sawa na kuchukua baiskeli ya jirani ukaibandika karatasi yenye jina lake.

Sasa picha. Kama kuna kitu kimoja ningeomba mkishike ni hiki, kwasababu maandishi watu angalau wanajitahidi ila picha wanaokota tu mtandaoni, joka zuri kutoka Pinterest, hajui kalichora nani, analiweka kwenye jalada. Wachoraji wanaishi kwa kazi hizo na wana njia za kuzitafuta, kutafuta picha kwa picha ni sekunde chache. Picha ya Amboni aliyoipiga mtalii ni ya mtalii, pango ni la wote ila picha ni yake, nenda na simu yako ukapige ya kwako, au mtafute dogo anayechora muelewane kwa maandishi hata ya WhatsApp: anakupa picha ngapi, za nini, unaruhusiwa kuuza au hapana, jina lake linakaa wapi. Ramani nazo vivyo hivyo, wengi wanapiga skrinishoti ya Google Maps wanachora ngome juu ya Chumbageni, na Google wana masharti yao. Tumia OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, mitaa ya Ngamiani yote ipo, unachotakiwa ni kuwataja wachangiaji wake kama wanavyoelekeza. Picha za AI nitasema moja tu, ofisi ya hakimiliki ya Marekani haiilindi picha iliyotengenezwa na mashine peke yake, kwahiyo mwingine akiichukua huko usitegemee kumzuia.

Kwenye hadithi za kwetu. Mbega mwindaji, aliyepanda milima ya Usambara akawaulia watu nguruwe pori na simba mpaka wakamfanya mtawala wao, hiyo ni simulizi ya watu, hamna mtu mmoja wa kukudai. Lakini sheria yetu ina sehemu inalinda sanaa za jadi, na ukizitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili mlango wa kubisha ni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Hapo naona vijana wengi hawana habari kabisa, wanadhani jadi maana yake shamba la bibi. Na ukichukua Mbega kutoka kwenye kitabu au katuni ya mtu wa leo, maneno na michoro ile ni ya huyo mtu, wewe rudi kwenye simulizi.

Shaaban Robert wengi wanamuwaza, na wana haki, kitabu chake Kusadikika cha 1951 kinahusu nchi ya kufikirika inayoelea angani, ukiitafutia nchi ya kuchezea gemu hupati nzuri zaidi, na mwenyewe mzaliwa wa Vibambani hapahapa Tanga. Sheria yetu inalinda maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, yeye alifariki 1962, fanya hesabu. Ila utangulizi mpya na michoro ya jalada la toleo ulilonunua ni vya waliovitengeneza, na kuna nchi zinahesabu miaka 70 na zaidi, kwahiyo ukiuza kwenye duka la mtandaoni la nje jua unaingia kwenye hesabu zao. Alafu mtaje, na usimharibie kazi yake, hilo hata bila sheria mtu wa Tanga anatakiwa ajue.

Tusisahau upande wako wewe. Ulichotunga kinalindwa tangu ulipokiandika, hakisubiri muhuri, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ndo unavyotaka. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, sio lazima, ila siku ya ugomvi cheti kinakusaidia kuliko maneno matupu, na ukiwa Pemba au Unguja huko ofisi yao ni COSOZA wana sheria yao. Tunza rasimu zako zenye tarehe. Kama mmecheza watano na kila mtu katunga historia ya mhusika wake, ile PDF sio yako peke yako, waulize kabla hujaiuza, nimeona urafiki wa miaka unavunjika kwa elfu kumi. Na kabla hujaweka kazi kwenye DMs Guild, duka la mtandaoni la vitu vya gemu hiyo ya Wizards, soma masharti, wanakuruhusu kutumia dunia za kwao na unapata nusu ya mauzo, ila ukishaiweka pale huiuzi kwingine. Faili likishatoka nalo sio kama mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo, likija mtandaoni haliondoki.

Ikitokea umeandikiwa kwamba umetumia kazi ya mtu, usijibu kwa matusi na usifute kila kitu kwa hofu. Toa PDF hewani kwanza, hifadhi nakala na ule ujumbe, uliza ni ukurasa gani na picha gani, ukikuta kweli badilisha kipande hicho umjibu kwa adabu, ukikuta unachodaiwa ni sheria ya dadu tu au kitu kilichomo kwenye SRD mtumie linki ya leseni na ukurasa wenyewe. Wakitaja hela au mahakama, usisaini chochote kabla hujamwonyesha mwanasheria.