Kwa nini saa mbili za kunyonyesha hazimfikishi mama wa Dar nyumbani?

Je, wajua kwamba mama anayenyonyesha ana haki ya kutumia hadi saa mbili kila siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mwanawe? Ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, kile kile kinachotoa likizo ya uzazi. Mwajiri haruhusiwi kukataa. Lakini mtajie habari hiyo mama anayekaa Chanika, pembezoni mwa jiji, na kufanya kazi Posta, katikati yake, ataguna tu. Saa mbili za kwenda wapi?

Tuanze na hesabu. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Mama anaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, na akifanya hivyo, za kukaa na mtoto zinabaki kama wiki nane. Marekebisho ya 2025 yamewaongezea muda waliojifungua watoto njiti, jambo lililokuwa likililiwa kwa miaka. Sasa, kliniki kila mama anaambiwa: miezi sita ya mwanzo ni maziwa yako tu, hata maji usimpe. Miezi sita ni siku 180 hivi. Toa 84, zinabaki kama 96 ambazo mtoto anatakiwa anyonye na mama anatakiwa awe kazini.

Zile saa mbili ndizo zinazotakiwa kuziba pengo hilo. Ila kifungu hakisemi mtoto awe wapi. Nikikisoma naona kama kiliandikwa kwa ajili ya mama anayekaa kwenye nyumba za kampuni, anavuka uwanja, ananyonyesha, anarudi. Dar siyo hivyo. Wenye mishahara ya kawaida wamejenga au wamepanga kule kodi inakoshikika: Mbagala, Chanika, Kivule, Kibamba. Safari ya kwenda tu, barabara ikiwa na foleni, saa mbili zimekwisha na mtoto hujamwona. Ndiyo maana mwendokasi ya Kimara, mabasi yenye njia yake, ilipoanza mwaka 2016, kwangu mimi ilikuwa sera ya kunyonyesha pia, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Wengi wanazigeuza zile saa mbili. Wanakubaliana na bosi watoke saa tisa badala ya saa kumi na moja, wawahi daladala kabla abiria hawajajaa. Inasaidia jioni. Mchana je? Titi halijui makubaliano. Ikifika saa tano limejaa, limekuwa gumu kama jiwe, na blauzi inaanza kulowa kikao kikiendelea. Mwenzangu mmoja wa zamani alikuwa anakamulia kwenye stoo ya mafaili, mlango ameuegemea kwa mgongo kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kama saa nne tu nje ya friji, na kwa joto la Dar usiyaamini hata hizo. Friji ya ofisi ilikuwepo, lakini kuna aliyelalamika kuona chupa ile karibu na soda yake.

Anayemshika mtoto nyumbani mara nyingi ni dada wa kazi. Huyu naye ni mfanyakazi kwa sheria hiyo hiyo. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha anayelala kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Siku 84 za likizo ni zake pia kwenye karatasi. Mitaani mimba ya dada maana yake ni nauli ya kurudi kwao. Baba, kwa upande wake, ana siku 3, zitumike ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Mama ntilie hana mwajiri, kwa hiyo likizo haimhusu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kati ya hizo kwa vikundi vya wanawake, lakini marejesho hayangoji arobaini iishe. Ila mtoto wake yuko pale pale, amelazwa kwenye kanga nyuma ya meza ya sahani, ananyonya akitaka.

Yule mwenzangu mwishowe alipanga chumba Ilala, akamleta mama yake mzazi kutoka kijijini akae na mtoto. Saa saba mchana anapanda bodaboda, ananyonyesha, saa nane na robo yuko mezani kwake. Kwa mara ya kwanza saa mbili zilitosha, na chenji ikabaki. Yeye alihitaji chumba kwa miezi mitatu tu. Mwenye nyumba, kama kawaida ya Dar, alitaka kodi ya miezi sita.