Runinga yangu ina Linux ndani, lakini bwana wake si mimi

Ingia kwenye mipangilio ya runinga janja, shuka mpaka chini kabisa palipoandikwa "Kuhusu kifaa hiki", na mara nyingi utakuta ukurasa wa leseni. Hakuna anayeusoma. Mimi niliusoma usiku mmoja kwa kuwa rimoti ilikuwa mkononi na usingizi ulikuwa mbali. Nikashuka, nikashuka, mpaka kidole kikachoka. Kiini cha Linux, yaani moyo wa mfumo endeshi. BusyBox. OpenSSL. curl. zlib. Maktaba za picha, za sauti, za fonti. Jasho la maelfu ya watu walioandika msimbo, yaani maagizo ya programu, wakauachia ulimwengu, lote limelala nyuma ya kioo kile. Na wakati huohuo, chini ya meza, kijikompyuta changu kilikuwa kinaandika daftarini kwamba runinga hiyohiyo imeulizia tena seva ya matangazo, kwa mara ya mia na kitu tangu asubuhi.

Kompyuta si ajira yangu, ni ugonjwa wangu. Kwa miaka mingi nimekuwa yule jamaa anayeletewa simu iliyojaa, ruta iliyogoma na laptopu inayonguruma kama mashine ya kusaga. Siku hizi swali ninaloulizwa zaidi ni la faragha: nitumie nini nisifuatiliwe? Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu. Amesikia kwamba programu huria ndiyo dawa. Msimbo uko wazi, kila mtu anauona, basi hakuna pa kuficha kitu. Mimi ni mpenzi wa programu huria wa siku nyingi, kwa hiyo inaniuma kidogo kusema hivi: runinga yangu imejaa programu huria, na ndiyo kifaa chenye umbea kuliko vyote ndani ya nyumba.

Umbea huo niliunasa kwa Pi-hole. Kifaa chochote kikitaka kuongea na seva fulani, kwanza huuliza jina la seva hiyo lina anwani gani ya namba. Kazi hiyo ndiyo DNS. Pi-hole, ambayo nayo ni programu huria, hukaa njiani na kupokea maswali hayo. Kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kadi ya benki inaitosha. Unaiambia ruta ivipe vifaa vyote anwani ya Pi-hole, na tangu hapo kila swali linapita kwake. Jina likiwa kwenye orodha ya watangazaji na wafuatiliaji, jibu ni 0.0.0.0, yaani huko hakuna mtu, na kifaa kinabaki kimeduwaa. Kila swali linaandikwa: saa, kifaa kilichouliza, jina lililoulizwa.

Nilikaa na daftari hilo wiki nzima. Saa 8 usiku, runinga imezimwa, inawaka ile taa nyekundu tu: swali. Sekunde chache baadaye, swali lilelile. Hapa niwaonye wanaoanza, maana nami nilijidanganya: wingi wa maswali yaliyozuiwa haupimi ukubwa wa upelelezi. Kifaa kilichonyimwa jibu hurudia kuuliza kama mtoto anayetaka kubebwa. Ukikiruhusu, huenda kikauliza mara moja na kutulia. Kwa hiyo wale wanaojivunia asilimia kubwa ya maswali waliyozuia, mara nyingi wanapima ukaidi wa kifaa kimoja. Tazama majina, achana na idadi.

Kisha siku moja daftari likanyamaza. Nikafurahi. Kumbe runinga ilikuwa imepokea sasisho, na sasa ilikuwa inapeleka maswali yake moja kwa moja kwenye seva ya umma, 8.8.8.8, ikinipita kama sipo. Nikaingia kwenye ruta na kuweka kanuni: swali lolote linaloelekea mlango namba 53, ule wa maswali ya DNS, lirudishwe kwa Pi-hole, hata kama limeandikiwa mwingine. Ikatulia. Lakini najua mbio hizi zinaelekea wapi. Tangu 2018 upo utaratibu rasmi, RFC 8484, wa kuyafunga maswali ya DNS ndani ya HTTPS, njia ya siri inayobeba kurasa za tovuti, yakapita mlango 443 pamoja na kurasa nyingine zote, usijue lipi ni lipi. Utaratibu huo unamlinda mtumiaji dhidi ya watu wanaochungulia njiani, na kwenye kivinjari changu nimeuwasha kwa mikono miwili. Ndani ya runinga, faragha inayolindwa ni ya runinga, na anayefichwa ni mimi.

Inapeleka nini hasa? Mengine ni ya kawaida, kama kuulizia saa na masasisho. Lililo zito ni ACR, utambuzi wa kile kilichopo kwenye kioo. Runinga huchota vipande vya picha inayoonekana, ikavigeuza alama fupi kama alama za vidole, na alama hizo zikalinganishwa na hazina ya filamu, vipindi na matangazo yanayojulikana. Haijali picha imetoka kwenye antena, kwenye diski au kwenye kompyuta uliyoichomeka kwa HDMI. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi ya FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, pamoja na jimbo la New Jersey. Madai yalikuwa kwamba runinga milioni 11 zilikuwa zikikusanya sekunde kwa sekunde kile watu wanachotazama bila kuwaambia waziwazi. Menyu ilieleza tu kwamba kipengele hicho kinawezesha ofa na mapendekezo ya vipindi.

Sasa angalia hii. Mwaka 2021 shirika la Software Freedom Conservancy likaifungulia kampuni hiyohiyo kesi huko California, safari hii likidai kwamba haikutoa msimbo wa programu huria zilizomo kwenye runinga zake kama leseni ya GPL inavyotaka. Kioo kimoja, kesi mbili: moja ya kilichotoka bila ruhusa ya mwenye nyumba, nyingine ya kilichozuiwa kutoka.

GPL, kwa lugha ya sebuleni, inasema: chukua, tumia, badilisha, gawa, ila ukimgawia mwenzio programu, mpe na msimbo wake. Sentensi hiyo ndiyo sababu ruta yangu inanitii. Mwaka 2003 watu waligundua kwamba Linksys WRT54G, ile ruta ya boksi la bluu na nyeusi lenye antena mbili, linaendeshwa na Linux. Wakadai msimbo, kampuni ikautoa. Mwaka uliofuata ukazaliwa juu yake mradi wa OpenWrt, programu huria ya ruta, ambao leo unaendesha ruta za aina nyingi mno, yangu ikiwemo. Boksi lenyewe lilikuwa na MB 4 za hifadhi. Picha moja ya simu ya leo ingetosha kuijaza. Kampuni ilipopunguza hifadhi hiyo nusu na kuiondoa Linux kwenye toleo la tano, mafundi wa nyumbani walipiga kelele, na 2005 ikaletwa WRT54GL, L ya mwisho ikiwa ya Linux. Iliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya ruta za rika lake kusahaulika. Nikiulizwa programu huria imenipa faida gani mkononi, natoa mfano huo. Ile kanuni ya mlango 53 nisingeweza kuiweka kwenye programu iliyokuja na ruta yangu. Menyu yake haikuwa hata na mahali pa kuiandika.

Runinga je? Hata nikikabidhiwa msimbo wake wote kesho, sitafika mbali. Chipu inakagua sahihi ya mtengenezaji kabla ya kuiwasha programu. Nikigusa herufi moja sahihi haikubali, na kioo kinabaki cheusi. Ujanja huu ulipata umaarufu kwa kifaa cha TiVo, kilichorekodi vipindi kwa kutumia Linux lakini kikakataa Linux iliyobadilishwa na mwenye kifaa. Toleo la tatu la GPL, lililotoka Juni 2007, liliziba tundu hilo. Kiini cha Linux hakikulifuata. Kimebaki kwenye toleo la pili. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, alishikilia kwamba leseni ya programu inahusu programu, na mambo ya chuma ni ya aliyetengeneza chuma. Mchana hoja hiyo naielewa vizuri. Saa 8 usiku, nikiitazama ile taa nyekundu, uelewa wangu hupungua.

Basi tuseme runinga ni kesi ya peke yake kwa sababu imefungwa. Kwenye kompyuta yangu, ambako karibu kila kitu ni huria na naweza kubadilisha nipendacho, si nimetulia? Nilikuwa nimetulia hadi mwisho wa Machi 2024.

Mhandisi Andres Freund, anayejulikana kwa kazi yake kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anapima kasi ya mambo yake kwenye toleo la majaribio la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Akaona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungepiga miayo tukaendelea. Yeye akafuatilia, uzi baada ya uzi, mpaka akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayokaa karibu kila mahali. Ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 mtu alikuwa amefungua mlango wa uani, wa kumwezesha mwenye ufunguo maalumu kuingia kwenye seva za watu. Mtu huyo, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amefanya kazi halali kwenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili, akijenga imani. Mradi ulikuwa mabegani mwa mtu mmoja wa kujitolea, aliyechoka, huku majina mengine mageni yakimshinikiza aongeze msaidizi. Msaidizi akapatikana.

Kinachonisisimua zaidi ni namna alivyoficha. Sehemu ya sumu ilijificha ndani ya mafaili ya majaribio, yale ambayo hayasomeki kwa macho. Na hati iliyoiamsha haikuwemo kwenye msimbo ambao kila mtu anauona. Iliwekwa kwenye kifurushi kilichofungwa tayari kwa kupakuliwa. Msimbo wa wazi ulikuwa kitu kimoja na kifurushi kitu kingine, na wengi wetu tunasifu kile cha kwanza huku tukisakinisha hiki cha pili. Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wa Debian na wenzao wanaohangaika kuhakikisha kwamba msimbo uleule ukitengenezwa na watu wawili tofauti unatoa programu inayofanana hadi biti ya mwisho. Ni kazi isiyo na makofi. Lakini sema pia la haki: Freund aliweza kuufuata uzi kwa sababu hakuna aliyemfungia njia. Programu ingekuwa imefungwa, angeishia kulalamika kwamba ni nzito.

Hata bila hila ya namna hiyo, uwazi wa msimbo unaishia pale data inapotoka kwako. Msimbo wa seva unaweza kuwekwa hadharani. Hilo halikuonyeshi kinachoendeshwa kwenye seva yenyewe leo asubuhi. Kwa hiyo ninapomshauri mtu kuhusu programu ya ujumbe, swali langu la kwanza ni je, wenye programu wakiamriwa kutoa kila walichonacho kunihusu, watatoa nini? Signal waliamriwa na mahakama ya Marekani, na 2016 wakaanika walichotoa: tarehe akaunti ilipofunguliwa na tarehe ilipounganishwa mara ya mwisho. Hivyo tu. Bado wanataka namba ya simu wakati wa kujisajili, jambo linalonikera kila ninapomsaidia mtu kuianza, lakini jibu lao kwa mahakama lina uzito kwangu kuliko kurasa mia za sera ya faragha.

Wenye F-Droid, ghala la programu huria za Android, walilielewa hili mapema. Programu huko lazima iwe huria, halafu bado hubandikwa onyo ikiwa inakufuatilia au inategemea huduma ya mtandaoni iliyofungwa. Anayedhani huria na faragha ni neno moja asome maonyo hayo.

Mimi mwenyewe si mtawa. Simu yangu ina programu mbili tatu zilizofungwa ambazo siwezi kuishi bila hizo, na nimeacha kuomba radhi. Nimezinyima ruhusa ya mahali nilipo na ya maikrofoni, nimefuta kitambulisho cha matangazo kwenye mipangilio, basi.

Runinga niliitoa kwenye mtandao. Nilipoizuia nusunusu, ratiba ya vipindi iligoma kufunguka na mama watoto akauliza, "Umeifanya nini tena hii?" Nikaona vita vya nusunusu havina mshindi. Sasa kompyuta ndogo yenye Linux ninayoiendesha mwenyewe imechomekwa kwa HDMI, na video zote zinapitia hapo. Runinga ikitaka kuchota alama za picha na ichote, haina pa kuzipeleka. Masasisho ya usalama haipati tena, nalo nimelipima: kifaa kisichofikika kutoka nje kinanitia hofu ndogo kuliko kinachosasishwa na mtu nisiyemwamini.

Kila inapowashwa inaleta ujumbe kwamba haina mtandao, je, tuiunganishe? Chini kuna vitufe viwili: "Sasa" na "Baadaye". Cha "Hapana" hakipo. Mama watoto siku hizi anabonyeza "Baadaye" bila hata kutazama.