Sahani ya Maabara Haina Tumbo

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Mama wa Barani, hapa Malindi, kaniletea simbilisi kapuni, leso imelowa kinyesi cha maji, masikio ya mnyama baridi. Siku chache nyuma nilimpasua jipu la shingo na usaha nikaupeleka maabara. Majibu: bakteria wa streptokokasi, inakufa kwa penisilini. Kosa langu ni kumpa mama karatasi ya majibu mkononi. Mama kafika nyumbani, kachukua kapsuli za amoksilini, jamaa ya penisilini, zilizobaki za mtoto, zile nyekundu na manjano, kamkorogea mnyama ujini.

“Daktari, si karatasi yenyewe yasema dawa yafaa?”

Yasema yafaa kwa bakteria! Maabarani bakteria hupakwa juu ya agari, ule utepetepe wa kuoteshea vijidudu, vikaratasi vyenye dawa vikawekwa, sahani ikalazwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi kesho yake, kisha duara lisiloota kitu likapimwa kwa milimita. Hakuna utumbo hapo. Simbilisi humeng'enya majani kwa msaada wa bakteria wa tumboni mwake. Penisilini na jamaa zake zikiwafyeka hao, klostridia, bakteria wabaya, hubaki na uwanja wao, humwaga sumu, mnyama huharisha akafa. Hamsta ni hivyo hivyo, na sungura akimezeshwa. Wala msiniambie “basi tumdunge”: kwa simbilisi sindano nayo huua.

Mei 1940 kule Oxford, mtafiti Florey aliwadunga panya 8 streptokokasi. Asubuhi wanne waliopata penisilini walikuwa hai, wanne wengine maiti. Lau angechukua simbilisi, huenda dawa yenyewe ingetupwa jalalani.

Wengine hushika karatasi na kuchagua dawa yenye duara kubwa kuliko zote. Dawa hazisambai sawa kwenye agari, na kila moja ina kipimo chake. Kwa bakteria wa stafilokokasi, milimita 25 za penisilini ni usugu, dawa haifanyi kazi. Milimita 20 za jentamisini, dawa nyingine ya bakteria, inafanya kazi. Soma herufi iliyo kando, S (inafaa) au R (sugu), achana na rula.

Na panya weupe wanaokoroma kifuani? Mara nyingi ni maikoplazma, bakteria isiyo na ukuta wa seli. Penisilini hubomoa ukuta. Itabomoa nini?

Simbilisi yule wa Barani nilimtia maji chini ya ngozi. Hakufika alasiri.